MOTO HAUULIZI MPAKA WA WILAYA

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika kurasa za chama chetu niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisikia likitajwa, kisha hulicheka: kwamba miji ya nyanda za Ufipa iungane katika kujilinda na moto, na ulinzi huo uanzwe na watu wa kujitolea. Wako wasemao kuwa kazi hiyo ni ya Serikali peke yake, na kwamba mtumishi aliyeshinda na kalamu mchana kutwa hana haja ya kubeba ndoo usiku. Mimi nasema maneno hayo ni ya hatari, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza tutazame umbali. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liliwekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kabla ya hapo kazi hii ilikuwa mikononi mwa serikali za mitaa. Makao yake katika mkoa wetu yako Sumbawanga. Toka Sumbawanga hata Laela ni kilomita 95. Hata Matai yapata 50. Na Namanyere ni karibu 100. Gari zito lililojaa maji, likienda kilomita 60 kwa saa pasipo kusimama, litafika Laela baada ya saa moja na nusu na zaidi. Nyumba yenye boriti za mti na dari ya mbao haingojei muda huo. Mtaniambia kuwa nambari 114 ipo. Naam, ipo, na ipigwe upesi; lakini simu haizimi moto. Askari watakuta majivu, nao watatukanwa bure, kwa maana si wao walioweka umbali huo.

Tena, ukaribu wa gari peke yake hautoshi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua katikati ya Dar es Salaam, mji wenye magari ya zimamoto kuliko mji wetu wo wote. Ikiwa Kariakoo iliungua, Matai itategemea nini? Itategemea watu walio karibu, waliofundishwa, wajuao mahali pa kukata umeme na mahali penye maji.

Msiniambie kuwa watu wa kujitolea hawafai. Mlima Kilimanjaro ulipowaka mwezi wa Oktoba 2020, mamia ya watu waliopanda kuukabili moto walikuwa wenyeji na wanafunzi, bega kwa bega na askari wa hifadhi. Nchi ya Chile ina vikosi vya kujitolea tangu mwaka 1851, vilipoanzia Valparaíso, na hata leo wazima moto wake hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Je, Mfipa, aliyezoea kualikana na jirani zake shambani, ashindwe kualikana kwa ndoo?

Ajali ya Morogoro ya tarehe 10 Agosti 2019 ituonye pia. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Magari ya mafuta hupita kila siku katika barabara yetu itokayo Tunduma. Watu kumi waliofundishwa kuwazuia wenzao wangeokoa roho nyingi kuliko gari lifikalo baadaye. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Sasa wako wasemao, "Kila halmashauri na ijitazame." Hoja hii ndiyo dhaifu kupita zote. Wazee wa Ufipa walifukia majani katika matuta yakawa mbolea, mahali ambapo wengine huyachoma. Lakini siku hizi wako wachomao ovyo, na wakati wa kiangazi upepo huvuma katika nyanda zisizo na miti pasipo kizuizi. Moto ulioanza Kalambo hausimami mpakani kuomba kibali. Msitu wa Mbizi ukiungua, vijito vinavyotunywesha hukauka, na kiu haitachagua mtu wa Manispaa wala mtu wa Wilaya.

Nanyi makarani, tazameni masijala zenu. Jalada la mtumishi likiungua, miaka yake ya kazi itathibitishwa na nani atakapodai kiinua mgongo? Mengine yamo katika kompyuta, lakini barua za kale za kuajiriwa na kupandishwa cheo zingali karatasi. Anayesema moto haumhusu hajui kuwa uzee wake umewekwa katika kabati la mbao.

Basi chama chetu kidai mambo matatu. La kwanza, halmashauri zetu nne, yaani Manispaa ya Sumbawanga, Wilaya ya Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, ziandikiane mapatano: nani aitwe, nani alipe mafuta ya gari, nani aongoze watu wa miji miwili wakutanapo. La pili, Jeshi lifundishe kikosi cha kujitolea katika kila mji, nazo halmashauri zitoe mipira ya maji, ngazi na mitungi ya kuzimia moto. La tatu, ambalo silo la mwisho kwa uzito, mtu aumiaye atibiwe na alipwe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliandikwa kwa ajili ya waajiriwa, na mwenye kujitolea si mwajiriwa. Kumwita mtu motoni na kumwacha alipie dawa zake mwenyewe ni dhuluma, wala nisingemshauri mtu aitike wito wa namna hiyo.

Wenye maduka wa Laela na Namanyere hudaiwa ada ya ukaguzi wa moto sawasawa na wa Sumbawanga. Wakiuliza wapata nini kwa fedha zao, tusiwajibu kwa kuwahesabia kilomita. Neno hili liandikwe katika shughuli za mkutano ujao, lipigiwe kura, na majina ya watakaolikataa yawekwe wazi.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Karani, Sumbawanga