Mfanyakazi Hodari kwa Zamu

Kila Mei Mosi taasisi za umma nchini Tanzania hutangaza wafanyakazi hodari. Mteule huitwa mbele, hukabidhiwa cheti na bahasha, kisha hupigwa picha. Ni desturi njema, ila katika ofisi nyingi uhodari umegeuzwa zamu: mwaka huu masijala, mwakani uhasibu. Waliobaki hupiga makofi bila kujua mwenzao alifanya lipi.

Kwa nini sababu zisisomwe hadharani? Tuseme: "Alipanga upya majalada ya wastaafu, mafao yao yakatoka kwa wakati." Sentensi hiyo moja ingemheshimu mhusika kuliko cheti chenye fremu.

Hata hivyo, pongezi zisitumike kufunika deni. Tarehe 1 Mei 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Hapo shukrani ilikuwa na tarakimu. Lakini mwalimu anayesubiri kupandishwa daraja, ilhali vigezo vyote anavyo, haongezewi heshima na makofi ya uwanjani. Anadai barua yake na (tusifichane) malimbikizo yake. Mkuu wa idara asiye na mamlaka ya kuitoa barua hiyo anaweza walau kumweleza imekwama mezani kwa nani.