Risasi Haimalizi Mbwa wa Mitaani

Nyuma ya mgahawa ninakokunywa chai kabla ya kipindi cha kwanza, mbwa jike mmoja amezaa mara tatu katika muda usiofika miaka miwili. Safari hii alizaa watoto saba chini ya mabati yaliyorundikwa kando ya jalala. Wawili waligongwa na magari, mmoja alikufa kwa ukurutu na njaa, na waliosalia wakatoweka mmoja baada ya mwingine. Mama yao yungali pale, mbavu zake zinahesabika, na dalili zote zinaonyesha kuwa ana mimba nyingine. Wateja wenzangu wana dawa moja tu: “Halmashauri ije iwapige risasi.”

Ninaandika kuipinga dawa hiyo. Huruma peke yake ingetosha kuwa sababu, lakini ipo sababu nyingine ambayo hata asiyempenda mbwa hana budi kuikubali: risasi haifanyi kazi tunayoituma.

Tuanze na hesabu. Mbwa hubeba mimba kwa takriban siku 63, na paka hali kadhalika. Mbwa jike anaweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka. Paka huwahi zaidi, hata akiwa na miezi mitano tu. Ukiua mbwa kumi katika mtaa wenye jalala lisilozolewa, chakula chao kinabaki palepale. Watakuja wengine kutoka mtaa wa pili, na watoto watakaozaliwa watapata nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Baada ya muda mfupi idadi hurudi ilivyokuwa, ila sasa mtaa umejaa mbwa wachanga ambao hawajawahi kuchanjwa.

Hilo la chanjo ndilo linalopaswa kututia hofu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, huua karibu kila anayekipata. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na kwamba wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama washukiwa ni watoto chini ya miaka 15. Kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, kilipoingiliwa na ugonjwa huo mwaka 2008, mbwa waliuawa kwa maelfu, na bado ugonjwa ukaendelea kuenea. Ulianza kurudi nyuma pale mbwa walipochanjwa kisiwa kizima. Nasi tuna ushahidi wetu wenyewe: kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa huo, na uliporudi, zikauondoa tena.

Wataalamu husema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, mnyororo wa maambukizi hukatika. Lakini chanjo humkinga mbwa aliye hai. Ikiwa huyo atakufa upesi na nafasi yake kuchukuliwa na mtoto asiyechanjwa, kazi inaanza upya kila mwaka. Hapa ndipo kuhasi madume na kuwafunga majike kizazi kunapohitajika. Mbwa aliyechanjwa na asiyezaa huishika nafasi yake mtaani bila kuongeza midomo jalalani.

Nimesikia hoja kwamba kumhasi mnyama ni kuingilia maumbile. Wanaosema hivyo wawaulize wakulima maksai alitoka wapi. Waulize pia ndafu, ambaye asili ya jina lake ni mbuzi aliyehasiwa ili anone. Tumehasi mifugo vizazi na vizazi kwa ajili ya jembe na sherehe zetu, mara nyingi bila hata dawa ya usingizi. Iweje tuone haya kumfanyia mbwa jambo hilohilo, tena kwa mkono wa daktari, kwa ajili ya kumpunguzia mateso?

Hoja ya pili ni ya fedha, nayo ni nzito. Upasuaji wa jike hugharimu zaidi ya risasi. Lakini risasi hununuliwa kila mwaka, na upasuaji hufanywa mara moja. Aidha, mtu aliyeumwa na mbwa anahitaji sindano kadhaa, na familia nyingi za vijijini huuza kuku au mbuzi ili kuzipata. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi nini kifanyike? Kwanza, tukubali kwamba wengi wa mbwa tunaowaita wa mitaani wana wenyewe, wanaowafungulia usiku walinde na mchana wajitafutie. Kazi ianzie kwao. Pili, halmashauri zisiishie kuchanja tu kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Huduma ya kuhasi iende sambamba na sindano. Tatu, wanafunzi wa udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wanahitaji mazoezi ya upasuaji. Wakisimamiwa na walimu wao, watajifunza huku wakiuhudumia umma. Nne, taka zizolewe. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na sheria isiyotengewa bajeti ni karatasi.

Nimalizie kwa ungamo. Nilipokuwa mtoto, kila paka wetu alipozaa, mimi ndiye niliyepewa kiroba chenye vitoto nikavitupe mbali na nyumbani. Nilitii, kwa kuwa wakubwa walisema hakuna njia nyingine. Hadi leo sauti ile ndani ya kiroba sijaisahau. Wakubwa wale hawakuwa wakatili. Hawakuwa na daktari wa mifugo karibu. Sisi tunaye. Wiki iliyopita mama mwenye mgahawa, wateja wanne na mimi tulichanga fedha, na daktari ameahidi kumfunga kizazi yule jike mara hali yake itakaporuhusu. Ni mbwa mmoja tu. Halmashauri inayokusanya ushuru kwa kila kikombe cha chai tunachokunywa pale haiwezi kusema imeshindwa kufanya walichoweza watu sita.