Rutuba ya bwawa ipimwe kwa mkono, siyo kwa ndoo

Ndugu mfugaji, swali ninaloulizwa sana kuhusu mabwawa ya sato ni hili: "Mtaalamu, niweke ndoo ngapi za samadi kwa wiki?" Maoni yangu ni kwamba ndoo ni kipimo kibaya. Bwawa jipya na bwawa lililokwisha kuwa na rutuba hayawezi kupewa dozi moja.

Samadi hulisha vimea vidogo sana vinavyoyapa maji rangi ya kijani. Vimea hivyo, pamoja na vijidudu vinavyovila, ni chakula cha asili cha sato. Mchana, jua likiwaka, vimea hutoa oksijeni. Usiku navyo huitumia, sawa na samaki na samadi inayooza. Ukizidisha mbolea, oksijeni huisha alfajiri. Unakuta samaki wanahema juu ya maji, au wanaelea wamekufa. Wengi husema jirani kaweka sumu, na ugomvi unaanza.

Pima hivi. Jua likishapanda, nyosha mkono na uuzamishe wima, taratibu, ukitazama kiganja.

- Kiganja kikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko, rutuba inatosha.
- Kikipotea mapema zaidi, acha kuweka mbolea.
- Kikionekana hata maji yakishapita kiwiko, ongeza kidogo, kisha pima tena baada ya siku chache.

Maji yakiwa ya kahawia kwa sababu ya tope, kipimo hiki hakifai. Tope huzuia mwanga wa jua, kwa hiyo subiri litulie kwanza. Tena usiache maji yapite bwawani muda wote, yataondoka na mbolea yako. Ingiza ya kufidia yaliyopungua tu.

Wapo wanaosema samadi ni ya bure, kwa hiyo ukizidisha hupati hasara. Samadi ni ya bure, lakini vifaranga na pumba ulinunua. Kazi ya miezi inaweza kupotea usiku mmoja, na mfanyabiashara aliyekwisha kukupa kianzio naye atakudai.

Ukikuta samaki wanahema alfajiri, simamisha mbolea na chakula, kisha ingiza maji safi mara moja.

Kabla ya kubeba ndoo ya samadi, chovya mkono kwanza.