Mbwa Kameza Panadol, Nyinyi Mwarekodi?

Jamani wa Chaani, leo tusemane. Juzi mbwa wa jirani kwenye ploti yetu alitafuna karatasi nzima ya Panadol. Mmoja akakimbilia maziwa. Wa pili akakoroga maji ya chumvi. Wa tatu akasaga makaa ya jiko. Waliobaki simu juu, warekodi. Na yuko aliyesema, "Si mbwa tu? Tena najisi."

Kumpigia daktari simu hakuvunji udhu, ndugu yangu.

Maziwa hayaondoi sumu. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Makaa ya jiko si ule mkaa wa dawa anaotumia daktari. Na ukimmiminia kitu mdomoni kwa nguvu, chaweza kuingia mapafuni ukammaliza wewe kabla ya kidonge.

Panadol nyingi huharibu ini la mbwa, na damu yake ikashindwa kubeba hewa. Brufen humtia vidonda vya tumbo na kumharibu figo. Paka ndiyo usiseme, hata kidonge kimoja cha Panadol chaweza kumuua. Na usidanganyike ukimwona bado achezacheza. Dalili huchelewa.

Kazi yako ni ndogo. Ondoa dawa iliyobaki. Shika pakiti, hesabu vidonge vilivyopotea, kumbuka ilikuwa saa ngapi. Mpigie daktari wa wanyama, kisha mpakie kwa tuktuk mwende, hata kama aonekana mzima. Kumtapisha au kutomtapisha, daktari ndiye aamue, na kuwahi ndiko kunakosaidia.

Mtasema pesa hakuna. Sawa, simu ya kuuliza ni shilingi ngapi? Na tangu Katiba ya 2010, huduma za mifugo ni kazi ya kaunti. Kampeni zikifika mtaani, badala ya kugombania tisheti, uliza daktari wa wanyama yuko wapi.

Na wewe mwenye mbwa, usininunie. Zile dawa zilikuwa juu ya stuli. Mbwa kazifikia. Mtoto wa miaka miwili hangezifikia?

Mbwa mwenyewe alikufa siku ya tatu. Video yake ingali inapata laiki. Namba ya daktari wa wanyama, kati yetu sote pale ploti, hakuna aliyekuwa nayo. Itafute leo, uiweke kwa simu. Si simu mnayo?