Hoteli Zinaongezeka Musanze: Vijana Wetu Wataingia kwa Mlango Gani?



Mji wa Musanze, ambao wengi wetu bado tunauita Ruhengeri, ni mmoja wa miji sita ambayo serikali ya Rwanda imeichagua ikuzwe baada ya Kigali. Mingine ni Rubavu, Huye, Muhanga, Rusizi na Nyagatare. Ukipita Musanze leo unakutana na vibao vya hoteli na nyumba za wageni kila upande.

Sababu inajulikana. Hifadhi ya Volkeno iko karibu, na ndani yake wamo gorila wa milimani. Kibali cha kwenda kuwaona kilikuwa dola 750, na mwezi wa Mei 2017 kikapanda hadi dola 1,500, nao muda wa kukaa na wanyama hao ni saa moja tu. Mtu anayelipa kiasi hicho hatakosa pesa ya malazi. Ndiyo maana upande wa Kinigi zimejengwa hoteli za kifahari kama Bisate (2017) na Singita Kwitonda (2019), na mjini zipo za wenye mfuko wa kawaida.

Hoteli si kitanda peke yake. Inahitaji viazi, mayai na maziwa, na pia fundi umeme, dereva, mfua nguo na mtunza hesabu. Basi riziki ipo. Swali letu ni je, vijana wa Kiislamu wataifikiaje?

Katika familia zetu tunasikia kauli mbili. Mzazi mmoja husema: "Hoteli ni pombe tupu, mwanangu hatatia mguu." Mwingine husema: "Kazi ni kazi, bora mshahara." Kwa maoni yetu, zote mbili zina kasoro.

Mwenye kauli ya pili amesahau kwamba Mtume (s.a.w.) hakumlaani mnywaji wa pombe peke yake. Aliwataja pia anayeibeba, anayeiuza na anayewanywesha wengine. Hilo si jambo dogo la kufumbia macho kwa ajili ya mshahara.

Lakini mwenye kauli ya kwanza naye amekataza bila kuonyesha njia. Kijana anakaa nyumbani mwaka, miaka miwili, kisha shida inamsukuma. Anaingia hotelini kwa mlango wa nyuma, hana cheti wala ufundi, na anapewa trei abebe chochote kilichowekwa juu yake. Asiye na ufundi hachagui trei. Mwokaji mikate, fundi bomba, mhasibu au mwongoza watalii ana nafasi ya kusema, "Kazi yangu ni hii, ile siifanyi." Kwa hiyo ufundi ni ngao ya dini ya kijana, mbali na kuwa njia ya mkate. Na mwenye shaka juu ya kazi fulani awaulize masheikh wa mji wake kabla hajatia saini.

Neno la pili ni kwa ndugu zetu wenye mitaji. Kwa nini tusifungue nyumba za wageni zisizouza pombe? Wateja si Waislamu peke yao. Wasabato na Wapentekoste wengi hawanywi, na familia nyingi zinatafuta mahali pa utulivu pa kulala na watoto. Mwaka 2020, Korona ilipofunga mipaka, tuliona hatari ya kumtegemea mgeni wa kutoka ng'ambo peke yake. Mtaji nao unaweza kukusanywa kwa ushirika wa watu watano au kumi, wakagawana faida na hasara, bila kukimbilia mkopo wa riba.

Ila tusijidanganye. Kuandika Bismillahi ukutani hakutoshi kama choo ni kichafu. Musanze kuna baridi. Mgeni anataka maji ya moto, shuka safi na chakula kwa wakati. Kumkirimu mgeni ni katika dini yetu, na hata anayelipa bado ni mgeni.

Wazazi, watoto wenu wanapomaliza shule, waulizeni ni ufundi gani wanaupenda, kisha wapelekeni wakajifunze. Madrasa itawafundisha halali na haramu. Chuo kiwape mikono yenye thamani.

Wabillahi tawfiq.