Sinema za Zamani Nazo Zilikuwa na Makapi

Baba yangu mdogo, aliyekulia Dar es Salaam katika miaka ya 1970, hajui Kihindi hata cha kuombea maji, lakini nyimbo za Mother India huziimba tangu mwanzo hadi mwisho, na machozi huyatoa pale panapostahili. Kila nimtembeleapo, baada ya shikamoo na marahaba, hukumu yake ni ile ile: "Siku hizi hakuna sinema, mwanangu, kuna kelele tu." Wala hayuko peke yake. Barazani, ndani ya daladala, na hata miongoni mwa wasomi niliokuwa nao Chuo Kikuu, maneno hayo yamekwisha kuwa kanuni isiyohojiwa. Mimi naona inafaa ihojiwe, maana ndani yake mna ukweli kidogo uliofunikwa na uongo mwingi.

Tuanze na uongo. Mzee anaposema "sinema za zamani" anakusudia sinema zipi hasa? Anakusudia Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, Mother India ya Mehboob Khan ya mwaka 1957, na Sholay ya Ramesh Sippy ya mwaka 1975. Hizo ni kazi bora, na asiyezipenda ana lake jambo. Lakini katika mwaka huo huo wa 1975 India ilitoa filamu zaidi ya 400. Ziko wapi hizo nyingine? Nilimwomba baba mdogo anitajie kumi tu. Alitaja Sholay, akataja Deewaar, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema chai imepoa. Basi zile asizozikumbuka nazo zilikuwa na stelingi, adui, mama mwenye kulia na nyimbo sita. Nyingine zilikuja huku, na watu wakapanga foleni mbele ya Empire, Avalon na Odeon ili wazione. Wakarudi nyumbani, wakazisahau. Miaka hamsini imezipepeta kwenye ungo, punje zikabaki na makapi yakapeperuka. Filamu ya mwaka huu bado iko gunialini mwake pamoja na pumba zake zote. Kuzilinganisha mbili hizi ni kumwonea mkulima wa leo.

Tena yako makapi ambayo hatukustahili kuyasahau upesi hivyo. Ile Tarzan ya mwaka 1932, aliyoicheza Johnny Weissmuller, ilitengenezwa Marekani, na tembo waliotumika walikuwa wa Kiasia, waliobandikwa masikio ya bandia ili wafanane na tembo wa Afrika. Masikio ya tembo yanachekesha. Hayachekeshi yale waliyopewa Waafrika kufanya katika filamu hiyo: kubeba mizigo, kupiga mayowe, na kufa bila hata mmoja wao kupewa jina la kukumbukwa na mtazamaji. Yuko mtu leo atakayesimama kifua mbele na kusema kwamba huo ulikuwa ubora uliopotea?

Na sasa ule ukweli kidogo. Wazee wakichimbuliwa vizuri, wanacholalamikia si zama, ni haraka. Sholay ilianza kupigwa picha Oktoba 1973 na ikaonyeshwa Agosti 1975. Kwa muda huo mwongozaji aliweza kuirudia picha moja mpaka ikamridhisha. Sasa tazama yaliyotokea kwetu baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 kufungua soko la filamu za Kiswahili za kuuzwa kwenye kanda na baadaye kwenye santuri. Vijana wetu, marehemu Steven Kanumba akiwa mstari wa mbele, walifanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika: waliwaleta watazamaji wa kawaida, kutoka Mwanza mpaka Mtwara na kuvuka mipaka mpaka Kongo, kwenye hadithi zinazosemwa kwa lugha yao. Heshima hiyo tusiwanyang'anye. Lakini soko lile lilimlipa mtu kwa wingi wa kazi, si kwa uzuri wake. Hadithi ilipigwa picha kwa wiki moja au mbili, ikavutwa kama mpira, kisha ikakatwa vipande viwili ili mnunuzi alipe mara mbili. Nakumbuka, nikiwa kijana, nilivyonunua sehemu ya kwanza na kukuta robo ya saa nzima mtu anaendesha gari. Hakuna alikokuwa akienda.

Lawama hiyo ni ya biashara, wala haina uhusiano na umri wa filamu. Wala tusijidai kwamba hapo kale sisi wenyewe tulikuwa na neema. Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na zikatoka kazi za kujivunia, mojawapo Fimbo ya Mnyonge. Lakini filamu za hadithi zilizotengenezwa nchini miaka ile zinahesabika kwa vidole. Mwaka 1985 ikaja Harusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, yenye urefu usiotimiza saa moja. Ni fupi, lakini kila dakika yake ina kazi.

Mtu akitaka ushahidi kwamba zama hizi nazo zinaweza, na aitazame Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi kuhusu Unguja ya wakati wa kudai uhuru. Nilimwonyesha baba mdogo. Alianza kwa kuguna kwamba taa ni hafifu. Baada ya nusu saa alikuwa kimya, na simu yake ilipolia hakuipokea. Mwishoni alisema tu kwamba nyimbo ni chache. Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Lakini ungo wa wakati hupepeta kwa haki pale tu ambapo nafaka imetunzwa ghalani. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walitengeneza filamu 35 wakiwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na mambo kama hayo. Zinazojulikana kusalia ni tatu tu, nazo ziko Uingereza. Hata Marekani yenye mali zake, ripoti ya Maktaba ya Bunge ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba kati ya filamu ndefu zisizo na sauti karibu 11,000, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lake la awali. Zilizopotea hazikuhukumiwa na mtu yeyote kuwa mbaya. Ziliungua, zilioza, au zilitupwa.

Kwa hiyo namwomba kila mwenye kanda za filamu zetu, awe mtayarishaji, msambazaji au mrithi wa msanii aliyefariki, asizitupe kwa kuwa soko lake limekufa. Na wenye dhamana ya utamaduni watuambie ni wapi zipelekwe, katika jengo gani, nani atakayezipokea, na kijana wa Songea au Kigoma atazionaje. Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Nimewauliza vijana ishirini wa rika langu na walio wadogo zaidi. Hakuna aliyewahi kuiona.