Ugonjwa Usioonekana Kwenye Kioo

Huenda nyumbani mwako yumo kijana asiyebanduka mbele ya kioo. Asema pua yake ni pana mno, au uso wake una mabaka ambayo wewe, hata ukikodoa macho, huyaoni. Usiharakishe kumwita mwenye maringo. Yamkini ni mgonjwa.

Maradhi hayo yalielezwa mwaka 1891 na Enrico Morselli, daktari wa akili wa Italia. Mgonjwa hutekwa na fikra ya kasoro ya mwili ambayo wengine hawaioni, au ambayo ni ndogo mno. Hujikagua saa nyingi kila siku, hujificha, na pengine huacha kazi au masomo. Wataalamu hukadiria kwamba watu wapatao 2 katika kila 100 wanayo. Miongoni mwa wale waendao kwa madaktari wa urembo, idadi ni kubwa zaidi.

Hapa ndipo penye mtego. Mgonjwa huamini kuwa tiba yake ni kisu cha mpasuaji au kopo la mkorogo, kumbe kasoro imo katika fikra, si katika pua. Aghalabu akishapasuliwa hatosheki. Wasiwasi hubaki palepale au huhamia kiungo kingine. Mkorogo nao una madhara yake: zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha weusi usiofutika.

Si kila ajipakaye mkorogo anaugua maradhi haya. Wengi husukumwa na kasumba kwamba weupe ndio uzuri. Lakini kwa aliye mgonjwa, kasumba hiyo ni kuni juu ya moto.

Tufanyeje basi? Kwanza, tukomeshe mizaha ya majumbani juu ya maumbile ya watoto wetu. Pili, tutambue kwamba kumwambia mgonjwa "mbona u mzuri" hakutoshi, maana hasadiki. Apelekwe hospitali aonane na daktari wa akili. Huko hufunzwa kuzipima fikra zake na kupunguza kujikagua, na pengine hupewa dawa zitumikazo kutibu sonona. Wengi hupata nafuu. Akitamka kwamba amechoka kuishi, usingoje kesho, kwani wapo ambao maradhi haya yamewafikisha kwenye kujiua.

Fedha anayokuomba kununulia kopo jingine, ifanye nauli ya kwenda hospitali, nawe ufuatane naye.